Fosforasi ni Mali Shambani, Balaa Ziwani

Samaki wakielea wamekufa kule Majanji au Port Victoria, wengi hushuku sumu. Mara nyingi kilichowaua ni kukosa hewa.

Kwa miezi mingi, kabla ya upepo wa katikati ya mwaka kuyakoroga maji ya Ziwa Victoria, yale ya chini huishiwa oksijeni. Bakteria wa huko hutumia naitreti badala yake, wakaigeuza gesi ya naitrojeni inayorudi angani. Juu ziwani, bakteria wa kijani-buluu hufanya kinyume: huichukua naitrojeni hewani na kustawi kwa fosforasi iliyoletwa na mito. Wakifa huzama, na kuoza kwao humaliza oksijeni iliyobaki.

Kwa hiyo kupambana na naitrojeni peke yake hakutoshi; hao bakteria wataijaza tena. Fosforasi ndiyo ya kudhibitiwa, nayo husafiri na udongo. Tororo, yenye miamba ya fosfeti ya Sukulu, inajua thamani yake shambani. Ili udongo huo usifike ziwani, Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, zikubaliane: mafunjo ya Mto Sio yasifyekwe, na mashamba ya miteremkoni yawekewe makinga maji.