Jeraha la Dukani ni Jeraha la Kazi
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Isiolo)



Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya vijana wetu wanaouza madukani mjini hapa. Kazi yao huitwa kazi ya kivulini, kana kwamba kivuli huzuia rungu. Twawajua waliopigwa kwa sababu ya deni la sukari, na waliofungwa kamba usiku na wezi waliotaka fedha za mauzo. Twawajua pia walioangukiwa na gunia la mahindi la kilo 90 wakati wa kushusha mzigo.

Aliyeangukiwa na gunia husemwa ameumia kazini. Aliyepigwa na mnunuzi huambiwa amegombana. Tofauti hiyo hatuikubali. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yatazama kama mtu aliumia akiifanya kazi aliyoajiriwa, na kwa sababu ya kazi hiyo. Ikiwa ndivyo, gharama za matibabu ni juu ya mwajiri, na asiyeweza kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi anastahili malipo badala ya mshahara. Akilemaa kabisa maisha yake yote, fidia huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96.

Mwajiri akipata habari ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akifa mtu, ni saa 24. Dai lenyewe lapasa kupelekwa kabla ya miezi 12 kwisha. Kuandikisha polisi na kujaziwa fomu ya P3 ni kwa ajili ya kumshtaki mpigaji, wala hakumfikishii Mkurugenzi habari. Wengi hukoma hapo.

Wazee wetu, mara nyingi mwenye duka ni mjomba au baba mdogo wa aliyeumia. Jambo huletwa barazani, chai hunywewa, mpigaji huomba radhi, na mwenye duka hutoa nauli ya hospitali. Upatanisho ni mwema, nasi hatukuja kuuvunja. Lakini mkono uliovunjika hauungwi kwa radhi, na siku za sheria zaendelea kuhesabiwa. Basi twawaomba, kabla ya shauri kusikilizwa, mmoja wenu aulize: Mkurugenzi amekwisha kuarifiwa? Sheria yamruhusu aliyeumia kumwarifu mwajiri kwa mdomo, ila sisi tungependa iwepo karatasi. Asiyejua kuandika na aletwe kwa karani wa chama, ada hatutozi.