Mchwa wa Bahari
(Maneno ya mazungumzo kwa wasikilizaji wa Kanduyi)



Hakuna mkulima wa Kanduyi asiyemjua mchwa. Nguzo ya ghala huonekana nzima kwa nje, hata siku moja ikavunjika kwa uzito wa mahindi. Watu wa pwani nao wana adui wa namna hiyo ndani ya bahari. Wataalamu humwita Teredo.

Kwa sura ni mnyoo mweupe, laini, aweza kufikia urefu wa futi moja. Lakini kwa asili si mnyoo, bali ni jamaa ya chaza. Magamba yake mawili ni madogo, yako kichwani, nayo yana meno kama tupa. Kwa hayo hukereza mti. Akiwa mtoto huelea majini, mdogo kama chembe ya mchanga. Apatapo ubao hujipenyeza kwa tundu dogo, asitoke tena maisha yake yote. Humo huchimba, hukua, na kulipaka shimo lake chokaa. Unga wa mti ni chakula chake, kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika matamvua yake. Mlangoni huacha mirija miwili ya kuingizia na kutolea maji. Akihisi hatari huirudisha ndani na kuziba mlango kwa vifuniko viwili. Hawezi kuishi katika maji matamu, na kwa hiyo mto Nzoia haumjui.

Mwaka 1731 watu wa Uholanzi, ambako sehemu kubwa ya nchi i chini ya usawa wa bahari, waligundua kwamba nguzo zilizolinda kuta zao za bahari zimeliwa ndani. Iliwalazimu kuagiza mawe kutoka nchi nyingine ili wasigharikishwe.

Mabaharia wa Lamu, Mombasa na Unguja walijua dawa tangu zamani. Chombo hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hubabuliwa kwa moto wa makuti ili wadudu wafe, kisha hupakwa deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo hurudiwa mara kwa mara, kwa kuwa bahari haina likizo.

Hata hivyo mdudu huyu si hasara tupu. Katika mikoko huyavunjavunja magogo yaliyokufa, na mashimo yake huwa makao ya viumbe wengine wadogo.

Basi mwenye jahazi Lamu na mwenye ghala Kanduyi wana wajibu mmoja: kuugonga mti na kuusikiliza ungali umesimama, wala si kungoja uanguke.