Picha na Amri Yake: Hoja Kuhusu Kubana Mwanga Mpana



Mwenzetu mmoja, mpiga picha hodari ninayemheshimu, aliwaambia wanafunzi wa idara yetu kwamba kubana mwanga wa picha ni kazi ya jicho. Programu ina kitelezi. Kiburute mpaka picha ipendeze, kisha ihifadhi. Kukaa mbele ya terminali na kuandika amri, alisema, ni kujitesa bure. Wanafunzi walimpigia makofi. Nimeomba nafasi ya leo ili niipinge kauli hiyo, kwa sababu naamini inatupotezea kitu ambacho hatutaweza kukirudisha.

Msingi wa jambo mnaujua, sitakaa hapo. Jua la mchana hutoa takriban laksi 100,000. Ndani ya jengo lenye vidirisha vidogo zinaweza kubaki makumi tu. Faili ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Kwa hiyo tunapiga picha kadhaa za mahali pamoja, kila moja kwa muda wake wa mwanga, tunaziunganisha kwa njia kama ile waliyoieleza Paul Debevec na Jitendra Malik mwaka 1997, na kupata faili moja inayobeba viwango vya mwanga wenyewe. Kanisa la Chuo Kikuu cha Stanford walilipiga mara 16, kuanzia sekunde 30 hadi 1/1000 ya sekunde, na watafiti wengi waliobuni kanuni mpya za kubana mwanga wamezijaribu kwa picha hiyo. Kisha faili lazima ibanwe ili iingie kwenye skrini au karatasi. Ubishi wetu uko kwenye kubana huko.

Hoja ya mwenzangu yenye nguvu zaidi ni kwamba hakuna kanuni moja inayofaa picha zote. Ni kweli. Erik Reinhard na wenzake, mwaka 2002, katika kanuni yao ya kubana, waliegemea mfumo wa kanda wa mpiga picha Ansel Adams, wakaweka thamani ya kati ya mwangaza kuwa 0.18, na bado wakamwachia mtumiaji nafasi ya kuipandisha au kuishusha. Lakini je, hilo linamshinda mtu wa amri? Hata kidogo. Katika pfstools, mkusanyo wa programu uliotoka kwa Rafał Mantiuk na Grzegorz Krawczyk wakiwa Taasisi ya Max Planck huko Saarbrücken, Ujerumani, thamani hiyo huandikwa kwa herufi moja na namba mbele yake. Naandika 0.18, naangalia, naandika 0.25, naangalia tena. Jicho langu linafanya kazi sawasawa na la mwenzangu. Ila mimi nikimaliza nina picha na namba iliyoizaa. Yeye ana picha tu, na kesho hawezi kukumbuka kitelezi kilisimama wapi.

Tazameni mstari huu:

pfsin msikiti.hdr | pfstmo_mantiuk06 | pfsgamma --gamma 2.2 | pfsout msikiti.png

Programu ya kwanza inasoma faili, ya pili inabana, ya tatu inasahihisha gama ili ilingane na skrini, ya nne inaandika matokeo. Mtu yeyote mwenye faili ileile na toleo lilelile la programu ataipata picha ileile. Ukitaka kanuni nyingine, mara nyingi unabadilisha neno moja tu katikati na mengine yanabaki. Ukiuweka mstari ndani ya skripti, folda nzima inapita kwa utaratibu mmoja, bila mchoko wa saa kumi jioni kuifanya picha ya mwisho itofautiane na ya kwanza. Sijaona kujitesa hapo.

Mwenzangu amesema pia kwamba mtazamaji hajali picha imepatikanaje. Inategemea mtazamaji ni nani. Nilikuwa Kilwa Kisiwani, ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba za sehemu iliyoongezwa karne ya 14. Nje, jua lilikuwa likipiga mawe ya matumbawe hadi macho yanauma. Ndani, ukuta ulikuwa gizani na chokaa yake imeshika unyevu kwa mabaka. Mkononi nilikuwa na picha za ukuta uleule, zilizopigwa miaka ya nyuma na watu waliopewa kazi ya kuweka kumbukumbu. Kwenye picha zao baka moja lilikuwa hafifu. Mbele yangu lilikuwa jeusi. Je, unyevu umeongezeka, au kuna mtu aliyeinua vivuli ili ukuta uonekane safi? Zilikuwa JPEG tupu, hazina maelezo yoyote. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 zilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Fundi wa kuhifadhi ukuta wa namna hiyo anataka kujua maji yamefika wapi. Picha iliyopendezeshwa bila kumbukumbu haimwambii.

Sasa mnivumilie, maana nafika kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote katika fani hii. Greg Ward alianza kuandika mkusanyo wa programu uitwao Radiance mwaka 1985 katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, ili wajenzi waweze kukokotoa mwanga wa jengo ambalo bado halijasimama. Katika faili yake ya picha, kila pikseli aliipa baiti nne: tatu za rangi na moja ya kipeo kinachotumiwa na rangi zote tatu. Lakini kinachonivuta zaidi ni kichwa cha faili. Kiko kwa maandishi ya kawaida, na kila programu ya Radiance inayoigusa picha huandika humo amri yake. Ukiongeza mwangaza kwa programu ya pfilt, kizidisho chake kinaandikwa, na mtu wa baadaye anaweza kugawanya na kurudi kwenye mwanga wa awali. Unaandika getinfo, na historia ya picha inajitokeza mbele yako. Ward aliliona hitaji hili kabla wengi wetu hatujagusa kamera ya dijitali.

Mwaka 1997 Ward, Holly Rushmeier na Christine Piatko walichapisha makala ambayo naisoma tena na tena. Swali lao halikuwa picha gani inapendeza. Waliuliza: mtu aliyesimama pale angeona nini? Wanakusanya histogramu ya mwanga katika maeneo ya takriban nyuzi moja ya pembe ya kuona, kisha wanaweka dari, ili tofauti za mwanga kwenye skrini zisizidi zile ambazo jicho lingezitambua mahali penyewe. Programu ya kanuni hiyo ni pcond. Ukiongeza -h, inaiga hata mng'ao unaoziba macho na rangi zinazofifia gizani. Kanuni za mwaka 2002 za Fattal na wenzake, na za Durand na Dorsey, huchomoa undani kwa ustadi mkubwa. Lakini kwa kuwa hushughulikia kila eneo peke yake, sehemu iliyokuwa na giza zaidi inaweza kutokea ikiwa nyeupe kuliko jirani yake. Kwa picha ya harusi, sina ugomvi. Kwa ukuta wa Kilwa, sikubali.

Haki inanitaka niseme na la upande wa pili. Mkunjo wa pcond, yaani mstari unaogeuza mwanga kuwa ngazi za skrini, unatokana na picha yenyewe, hivyo amri ileile juu ya picha mbili inaweza kutoa mikunjo miwili. Hapo mwenzangu akinibana, amenibana kweli. Ndiyo maana kuna -x, inayoandika mkunjo uliotumika kwenye faili. Na ndiyo maana ulinganisho wa mwaka na mwaka ufanyike kwenye viwango ambavyo havijabanwa, vilivyopimwa kwa kipima mwanga palepale ukutani. Bila kipimo hicho, hata -h inakisia tu. Programu ya Enfuse nayo huendeshwa kwa amri, lakini huchanganya picha moja kwa moja bila kupitia faili ya mwanga, kwa hiyo siipendekezi kwa kumbukumbu, ijapokuwa picha zake ni nzuri sana. Nimeyapima yote haya, na bado nasema: picha ya kumbukumbu isiyoweza kutengenezwa upya kwa amri iliyoandikwa haijakamilika.

Naiomba idara, kuanzia muhula ujao, isipokee picha yoyote ya magofu au jengo la kale bila kuambatanishwa na faili yake ya mwanga, vipimo vya kipima mwanga, faili ya mkunjo na skripti iliyoitoa. Skripti yenyewe ni mistari michache ya maandishi, na haifiki kilobaiti moja.