Mzee anapompiga mlezi wake

Juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa kunong'ona: mzazi aliyepotewa na kumbukumbu kuanza kuwapiga, kuwauma na kuwatukana wale wale wanaomlisha.

Wapo wanaosema ni uzee tu. Wapo wanaosema ni uchawi, na hapa Tanzania vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo. Ukweli ni kwamba haya ni maradhi ya ubongo. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alianza kumchunguza mama wa miaka 51, Auguste Deter. Dalili yake ya kwanza ilikuwa wivu mkali dhidi ya mumewe, kusahau kulifuata. Baadaye alipiga mayowe akidhani watu wanataka kumwua. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa wa namna hii wamezidi milioni 55.

Tazameni yanayotokea nyumbani. Msichana wa kazi anaondoka. Wajukuu wanaogopa kuingia chumbani kwa bibi. Anabaki binti mmoja, au mkamwana, mwenye alama za kucha mkononi, naye huwaambia majirani kuwa amejikwaruza mlangoni. Halali usiku, na hana wa kumpokea zamu. Siku uvumilivu ukimwishia, anamfungia mzee ndani, au anamfunga kamba. Mzee hajui kosa lake, hofu inamzidi, na ngumi zinaongezeka.

Mzee huyo hapigi kwa chuki. Anavuliwa nguo na mtu asiyemtambua. Wewe ungekubali? Basi msogelee kwa mbele, jitaje jina, mweleze unalotaka kufanya. Akikataa kuoga, mwache, rudi baada ya muda.

Ukali ukizuka ghafla, mpelekeni hospitali. Maumivu, choo kigumu au maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuuleta, na vyote vina tiba. Msimpe dawa za kutuliza bila daktari. Baadhi huwaongezea wagonjwa hawa hatari ya kiharusi na kifo.

Nanyi kaka na dada mnaotuma fedha kila mwisho wa mwezi, ahsanteni. Lakini saa nane za usiku fedha haimshiki mzee mkono. Njooni mchukue zamu japo siku mbili, ili dada yenu alale.