USHIRIKIANO WA WATUNGAJI NA WAENDESHAJI WA PROGRAMU ZA KOMPYUTA

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa umma, Nansio, Ukerewe)



Shughuli nyingi za Serikali ambazo zamani zilitegemea daftari na faili sasa zinategemea kompyuta. Ada na ushuru hulipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017. Takwimu za vitabu vya MTUHA kutoka zahanati huingizwa katika mfumo wa DHIS2. Kwa hiyo programu inapokwama, anayeumia ni mwananchi. Mvuvi aliyevuka maji kufuata leseni Nansio hurudi kisiwani kwake mikono mitupu, na nauli imekwisha kulipwa.

Inapotokea hivyo, swali la kwanza huwa: nani mwenye kosa? Mtungaji wa programu husema kwamba kwake ilifanya kazi vizuri. Mwendeshaji wa mitambo husema kwamba aliletewa kitu kibovu. Huenda wote wawili wanasema kweli, kwani chanzo cha tatizo ni mpangilio wa kazi. Mtungaji husifiwa kwa kuleta mambo mapya, na mwendeshaji husifiwa pasipotokea badiliko la kuvuruga huduma. Ni sawa na fundi aundaye mtumbwi pwani bila kuingia majini, na nahodha azibaye nyufa ziwani bila kumwambia fundi. Mtumbwi utakaofuata utavuja pale pale.

Ili kuondoa hali hiyo ulizuka utaratibu uitwao devopsi, jina lililounganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya utengenezaji na uendeshaji. Jina hilo lilienea baada ya mkutano ulioitishwa na Patrick Debois katika mji wa Ghent, Ubelgiji, mwezi Oktoba, 2009. Hata hivyo wazo la kuwashirikisha watumiaji si geni Afrika. Mfumo wa DHIS2 una chimbuko lake Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ukakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuulinganisha na mahitaji ya Tanzania. Tangu mwanzo wajenzi wake walishikilia kwamba mtumiaji ashirikishwe katika kuujenga.

Misingi ya utaratibu huu ni hii ifuatayo:

(a) Mabadiliko yawe madogo na yafanywe mara kwa mara, ili kosa likitokea lijulikane upesi limetoka wapi.

(b) Kila badiliko liandikwe: nani amelifanya, lini na kwa sababu gani, na toleo la zamani lihifadhiwe ili liweze kurejeshwa.

(c) Majaribio yafanywe na kompyuta yenyewe kila mara, kabla programu haijamfikia mwananchi.

(d) Watungaji na waendeshaji waangalie kwa pamoja jinsi mfumo unavyofanya kazi, hata baada ya saa za ofisi.

(e) Baada ya hitilafu kiitishwe kikao cha kutafuta chanzo, wala si cha kutafuta wa kuadhibiwa. Mtumishi anayeogopa adhabu huficha kosa, na kosa lililofichwa hurudi.

Hasara ya kupuuza misingi hiyo imekwisha kuonekana. Tarehe 1 Agosti, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 katika muda wa dakika 45 hivi. Programu mpya ilikuwa imewekwa katika kompyuta kuu saba, ya nane ikasahauliwa, na hapakuwa na utaratibu wa maandishi wa kumtaka mtu wa pili akague. Barua pepe 97 za kuashiria hitilafu zilitumwa na mfumo kabla soko halijafunguliwa, lakini hazikushughulikiwa. Katika kuhangaika, mafundi waliiondoa programu mpya katika zile saba zilizokuwa sahihi, na mambo yakazidi kuharibika.

Aidha, tarehe 19 Julai, 2024, badiliko moja lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike lilipelekwa kwa wateja wote kwa wakati mmoja. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizimika, na viwanja vya ndege na hospitali katika nchi nyingi vikakwama. Funzo lake ni kwamba badiliko lianzie mahali pachache, liangaliwe, ndipo lienezwe.

Ieleweke kwamba devopsi haina maana ya kuharakisha mambo bila idhini. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inabaki palepale, na siri za wagonjwa na walipa kodi hazina budi kulindwa. Vile vile, visiwani mtandao na umeme hukatika. Kwa mantiki hiyo mabadiliko mazito yasifanywe siku za kufunga hesabu za mwezi, na daftari la akiba liwepo mezani daima.

Mtumishi asiye mtaalamu wa kompyuta naye ana sehemu yake. Mfumo unapogoma, aandike saa, kazi aliyokuwa akifanya, na maneno yaliyotokea katika kioo, kisha ataarifu mara moja. Taarifa ya "mfumo umegoma" peke yake haimsaidii fundi. Naye mtungaji aliyeko Dodoma au Dar es Salaam anapaswa kufika, japo mara moja, katika zahanati ya kisiwani, aone muuguzi mmoja akihudumia wagonjwa huku akijaza takwimu. Akiona hayo, atajua ni kipi cha kurekebisha kwanza.