Kijana, Soma Kabla ya Kutia Sahihi



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu wa Roret, leo tuongee juu ya mpira na mkataba.

Kijana aking'ara chuoni, hakosi mtu wa kumfuata nje ya uwanja: "Mimi ni wakala, nitakupeleka Ulaya." Rafiki yangu mmoja aliambiwa hivyo, kisha akadaiwa pesa za viza. Baba yake akatoa bonasi yote ya majani chai. Viza haikuja, simu ya wakala ikazimwa. Mpaka leo mzee hataki kusikia habari za mpira.

Je, tuwakatae mawakala wote? La. Michael Olunga alisomea uhandisi Technical University of Kenya huku akiichezea Gor Mahia, na mwaka 2016 akaenda Djurgården ya Uswidi. Njia ipo. Lakini uliza: Wakala ana leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa kufaulu mtihani? Mkataba wake na wewe ni wa muda gani? Kwa kanuni za FIFA zilizoanza 2023, hauzidi miaka miwili. Na klabu yenyewe inakujua?

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah (s.w.t.) ametuamrisha deni liandikwe, na wawepo mashahidi. Ikiwa deni ni hivyo, sembuse miaka ya ujana wako? Basi usitie sahihi peke yako. Mwite baba, mwite mama, mwite mwalimu, someni pamoja.

Saumu inatufunza subira. Anayekuharakisha, mwogope.

Wabillahi tawfiq.