Uhuru wa Soko ni wa Nani?

Hotuba iliyotolewa Kiplombe, Eldoret, mbele ya waumini na watetezi wa mageuzi



Mmeniomba nizungumzie faida na hasara za kuishi chini ya ubepari. Mimi ni wakili, na nimezoea kusikiliza pande zote mbili kabla ya kuomba hukumu. Basi na tuusikilize ubepari vivyo hivyo, tukianza na utetezi wake.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka enzi ya chama kimoja, wakati mkulima hakuruhusiwa kusafirisha mahindi yake mwenyewe kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Bei ilitangazwa Nairobi, na malipo yalikuja yalipopenda. Aliyepakia magunia yake usiku alijificha kama mwizi, na hali mali ilikuwa jasho lake. Vizuizi hivyo viliondolewa mwaka 1993. Bei ya maziwa ilikuwa imeachiliwa mwaka mmoja kabla. Leo mama wa Kiplombe akiikataa bei ya mnunuzi mmoja asubuhi, aweza kumtafuta mwingine kabla maziwa hayajaharibika, na fedha zikamfikia kwa simu. Hiyo si faida ndogo. Yeyote atakayewaambia kwamba soko ni dhambi tupu, mkumbusheni siku za vibali.

Sasa tusikie mashtaka. Nitaanza nyumbani kwetu. Nilipokuwa katika shule ya upili miaka ya tisini, baba yangu alivuna mahindi mwezi Novemba, akayauza Januari. Bei haikuwa nzuri. Kila jirani alikuwa akiuza wakati huo, na gunia lilikuwa limeshuka kabisa. Aliuza kwa sababu karo ilidaiwa, na shule haikungoja. Kufika mwezi Juni ghala letu lilikuwa tupu, nasi tukanunua mahindi kwa debe, kwa bei iliyotutoa jasho, kutoka kwa mfanyabiashara yuleyule aliyeyachukua Januari. Mtu yule hakutuibia, wala hakuvunja sheria yoyote. Alikuwa na kitu kimoja ambacho baba hakuwa nacho, nacho ni uwezo wa kungoja.

Ndugu zangu, hicho ndicho kiini cha jambo. Katika soko huria wote wana ruhusa ya kukataa, lakini si wote wenye uwezo wa kukataa. Mwenye ghala na akiba hungoja. Mwenye mtoto mgonjwa, au kibarua asiye na unga wa jioni, hupokea anachopewa. Hata mashamba yetu yanakwenda kwa njia hiyo. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, na jiji hilo linatukaribia. Ekari inakatwa vipande ili kulipa deni la hospitali. Mwenye shida huuza, mwenye akiba hununua, na hati ya shamba hubadilishwa jina kwa njia ya halali kabisa.

Je, dawa ni kurudisha kila kitu mikononi mwa serikali? Someni sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Njaa ilipoishika Misri, watu walinunua nafaka kwa fedha. Fedha zilipokwisha wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha wakatoa ardhi yao na nafsi zao. Ghala lile halikuwa la bepari. Lilikuwa la Farao. Tumsifu Yusufu kwa kuokoa maisha, lakini tusisahau gharama waliyoilipa waliookolewa.

Sisi pia tuna funzo letu. KCC ilianzishwa mwaka 1925 ikiwa ushirika wa masetla, na baada ya uhuru ikawategemea wakulima wetu. Katika miaka ya tisini ilidhoofishwa na usimamizi mbaya na mkono wa siasa, hata wakulima wakakosa malipo. Mwaka 2000 iliuzwa kwa wawekezaji wachache, na mwaka 2003 serikali mpya ikairudisha. Kwanza iliumizwa na siasa, kisha ikauzwa kwa jina la soko, na mara zote mbili mwenye ng'ombe hakuulizwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotenganisha mageuzi ya siasa na suala la unga. Askofu Alexander Muge, aliyekuwa mchungaji wetu hapa Eldoret, alitangaza hadharani njaa ya Pokot Magharibi, wenye mamlaka wakikana. Alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, siku chache baada ya kutishiwa na waziri. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Wengine walilipa gharama kubwa ili sisi tuweze kuuliza maswali.

Basi tuyaulize. Katiba ya mwaka 2010 inalinda mali katika kifungu cha 40, ujira wa haki na haki ya kugoma katika kifungu cha 41, na haki ya kila mtu kutokuwa na njaa katika kifungu cha 43. Vyote vimo katika sura moja. Asije mtu akawasomea kile cha mali peke yake.

Tena kuna kazi isiyohitaji kungoja Nairobi. Sheria ya stakabadhi za ghala ilipitishwa mwaka 2019. Mkulima huweka mahindi katika ghala lililoidhinishwa, akapewa stakabadhi, na kwa stakabadhi hiyo aweza kukopa karo bila kuuza gunia hata moja kwa bei ya Januari. Tuunde ushirika wa kutufikisha huko. Lakini viongozi wake wachaguliwe kwa kura ya siri, na hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama, ndani ya ukumbi huu wa kanisa. Ushirika usio na uchaguzi ni chama kimoja kilichobadilisha jina.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mkulima wa Kiplombe haombi huruma ya mwenye ghala. Anataka Januari ijayo, atakapotajiwa bei mbaya, aweze kufunga gunia lake na kurudi nalo nyumbani, na mtoto wake aende shule vilevile.